Gesi Inayorudi Kusini

Inspekta Nyanjige Sayi alisimama katikati ya chumba bila kugusa kitu. Ndiyo ilikuwa kawaida yake tangu ahamie kitengo cha upelelezi Bariadi: macho kwanza, mikono baadaye. Chumba kilikuwa cha nyumba ndogo ya wageni mtaa wa Malambo, kitanda kimoja, meza moja, dirisha la nondo linaloangalia geti. Mpangaji wake, Veronica Bujiku, binti wa Nkoma anayesomea shahada ya uzamivu katika elimu ya anga, alikuwa ameibiwa kompyuta na diski ya kuhifadhia kazi zake. Mlinzi wa nyumba hiyo, Mzee Maige, alikuwa hospitalini. Alipigwa kisogoni kwa chuma cha kufungia geti, na tangu Alhamisi alasiri hakuwa amefumbua macho.

"Mlango haukuvunjwa," alisema Koplo Thomasi. "Ufunguo wa akiba ulikuwa kibandani kwa mzee, kwenye msumari. Mwizi aliuchukua, akafungua, akabeba, akaondoka. Mchana kweupe, watu wote wamekwenda kwenye maonyesho ya sayansi Nyakabindi."

"Nitajie alivyoviacha."

"Simu mpya, ilikuwa kwenye chaji. Projekta. Spika. Mkoba wa kompyuta. Pochi ya dada, pamoja na vilivyomo."

"Na mahabusu tumemweka nani?"

"Dastan Mahona, fundi simu wa sokoni. Aliletewa kompyuta hiyo hiyo mwanzoni mwa wiki aitengeneze. Tena tulipopekua banda lake tukakuta diski inayofanana na iliyoibwa."

"Ndani yake mna nini?"

Thomasi alikohoa kidogo. "Kwaya, afande. Nyimbo za kwaya na sinema."

Nyanjige alielekea dirishani. "Kwa hiyo fundi simu ameingia kuiba, ameiruka simu mpya, akachukua kompyuta kuukuu ambayo yeye mwenyewe alimwambia mwenye mali kuwa betri yake imekufa. Wewe ungekuwa Dastan, ungefanya hivyo?"

"Nisingefanya."

"Basi tutoke nje."

Nje, karibu na geti, damu ilikuwa imekauka kwenye kokoto. Askari wa zamu ya kwanza walikuwa wamezungushia utepe hapo tu, kana kwamba tukio zima lilitokea kwenye damu. Nyanjige aliupita utepe akaenda kibandani. Palikuwa na kigoda cha Mzee Maige, kimechakaa katikati. Pembeni yake kilikuwepo kiti cha plastiki cheupe, kimetandikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya tofali lililo karibu na kiti ilisimama chupa ya soda, haijafika nusu.

Mama mwenye nyumba alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga.

"Mwangaluka, mayu," Nyanjige alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wanone. Mzee anaendeleaje, mwanangu?"

"Bado amelala. Mama, kiti hiki ni cha nani?"

"Cha sebuleni kwangu. Mzee Maige hukichukua akija mgeni mkubwa. Akija padri, au mwenyekiti. Kile kitambaa ndicho anachopenda kukitandika."

"Dastan fundi simu aliporudisha kompyuta, alikalia kiti hiki?"

Mama alicheka kidogo, kisha akakumbuka yaliyompata mzee akaacha. "Dastan? Huyo alichuchumaa ukutani akala muhogo na mzee. Nani atamtolea Dastan kiti?"

"Na Alhamisi nani alikuja?"

"Sijui, ng'wanone. Nilikuwa Nyakabindi kama watu wote."

Nyanjige alivaa glavu, akaishika chupa shingoni, akaitia kwenye mfuko wa karatasi na kuandika lebo. Thomasi alimtazama.

"Mzee alimfungulia mtu anayemheshimu," Nyanjige alisema. "Akamtolea kiti, akamnunulia soda. Halafu mtu huyo akampasua kichwa."

*

Hospitalini, Veronica alikuwa amesimama ukutani nje ya wodi ya wanaume, mikono ameifumbata. Alikuwa mwembamba, nywele amezikata chini kabisa, macho mekundu kwa kukosa usingizi lakini makavu. Mjomba wake na shangazi yake, waliokuja kutoka Nkoma asubuhi ile, walikuwa wamekaa kwenye benchi na mfuko wake wa nguo miguuni mwao.

"Wamekuja kunichukua," alisema kabla hajaulizwa. "Mjomba anasema shimo ninalolitafuta angani limefumbua mdomo huku chini, limemmeza mzee wa watu. Nimewaambia siendi popote. Mzee Maige amelala humu kwa sababu ya mali yangu."

Mjomba aliinua uso. "Sijasema kwa ubaya. Nimesema mambo haya ni makubwa kuliko ukoo wetu. Arudi nyumbani alime pamba, huku kupoe."

"Hakutapoa nikikimbia, mjomba."

Nyanjige alimvuta dirishani mwisho wa korido. "Nieleze kazi yako. Nieleze kama unamweleza mtu atakayepeleka kesi mahakamani. Mwizi ameacha vitu vyote vyenye bei akachukua kazi yako. Lazima niijue kazi yenyewe."

Veronica alifikiri kidogo. "Kila galaksi kubwa ina shimo jeusi katikati. Galaksi ni nyota mabilioni, na katikati ya nyota hizo kuna gesi. Gesi hiyo ikipoa na kujikusanya, inazaa nyota mpya. Sasa shimo jeusi likianza kula, gesi inayolizunguka inapata joto la kutisha kabla haijamezwa. Mwanga na nguvu inayotoka hapo inasukuma gesi nyingine nje. Unatokea upepo. Si upepo huu wetu. Unakwenda kilomita mamia, hata maelfu, kila sekunde."

"Unapeleka wapi gesi?"

"Hapo ndipo ugomvi ulipo. Ikitupwa nje kabisa, galaksi inabaki haina cha kuzalia nyota. Zilizopo zinazeeka, mpya hazizaliwi. Tunasema imekufa. Kuna galaksi moja ambayo Daktari Athanasi Maduhu, mwalimu wangu wa zamani, ameiandikia vitabu miaka yote. Yeye anasema shimo lake limepuliza gesi yote nje. Imekufa. Picha ya galaksi hiyo mmeiona kwenye mabango ya Nyakabindi."

"Nimeiona. Na wewe unasema nini?"

"Nasema haijafa."

Alisema bila kupandisha sauti, lakini Nyanjige aliona taya limekaza.

"Wewe umewahi kupepeta mtama, dada inspekta?"

"Nimezaliwa Lingeka. Nimepepeta mpaka mgongo ukauma."

"Makapi yanakwenda na upepo, mtama unarudi chini. Gesi ya moto ni nyepesi, inakwenda, kila mtu anaiona inavyotoka upande wa kaskazini wa ile galaksi. Daktari aliiona hiyo akafunga mjadala. Mimi niliomba muda kwenye darubini za redio zilizoko jangwani Chile, nikatafuta gesi baridi, ile nzito. Nimeichambua miezi. Gesi baridi haina mwendo wa kutosha kutoroka. Inapanda, inachoka, inarudi. Na njiani, ndani ya ule upepo wenyewe, kuna nyota changa zimezaliwa."

"Nani anajua haya?"

"Muhtasari wangu uko kwenye ratiba ya maonyesho. Nimeandika kwamba upepo wa kaskazini ni dhaifu kuliko tulivyodhani, na kwamba galaksi haijafa. Basi. Uthibitisho sikuuandika kwa sababu sikuwa nao."

"Ukaupata lini?"

"Alhamisi saa za chakula cha mchana. Ramani ya mwisho ilikamilika, nikaiona. Upande wa kusini, ambako hakuna aliyewahi kuangalia." Alichukua kalamu ya Nyanjige, akachora nyuma ya kadi ya hospitali duara, na chini ya duara mstari mwembamba uliopinda kushoto kisha ukarudi ndani. "Mkia. Ndiyo gesi inayorudi. Nililia peke yangu chumbani. Halafu nikafunga kompyuta nikaenda Nyakabindi kupanga viti vya wanafunzi. Niliporudi, mzee amelala kwenye damu."

"Ulimwambia nani kuhusu mkia huu?"

"Sikumwambia mtu. Hata mama. Nilitaka nirudie hesabu kwanza."

"Mtu mwingine anaweza kuziona data hizo huko Chile?"

"Hapana. Aliyeomba muda anafungiwa data zake mwaka mzima, ni mimi tu ninayezifungua. Na hata ukiwa nazo ghafi, huuoni mkia. Lazima uzichambue kwanza."

Nyanjige aliikunja ile kadi akaiweka kwenye mfuko wa shati. "Mkia huu usimwambie mtu yeyote. Hata Koplo Thomasi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Daktari Athanasi amekupigia?"

"Asubuhi. Akanipa pole. Akasema si lazima nizungumze Jumamosi, nipumzike, yeye ataijaza nafasi yangu." Veronica alitazama mlango wa wodi. "Nikamwambia nitazungumza. Kama sina ramani nitazungumza na chaki."

*

Mkuu wa upelelezi wa wilaya, Afande Mhoja, hakumpa kiti.

"Jalada la Dastan lifike kwa mwendesha mashtaka leo," alisema. "Tuna wageni kutoka mikoa yote. Watu wanauliza usalama."

"Dastan siye, afande."

"Diski je?"

"Ina kwaya. Nataka kumhoji Daktari Athanasi Maduhu."

Mhoja alivua miwani. "Daktari ni mgeni wa mkoa. Alhamisi alikuwa jukwaani Nyakabindi mbele ya umati."

"Umeme wa uwanja wa Nyakabindi ulikatika mchana ule, shughuli zikasimama mpaka jenereta ilipoletwa. Nimewauliza walioketi naye jukwaani. Alikwenda kwenye gari lake kupumzika. Hakuna aliyemwona tena mpaka jenereta ilipowaka."

"Kupumzika si kosa."

"Si kosa. Ndiyo maana nataka anieleze tu alipumzikia wapi."

"Mwite kama mtaalamu, atusaidie kujua thamani ya kilichoibwa. Umwandikie maelezo kwa heshima, umpe maji, aende. Ukimgusa, utakwenda kulinda mnada wa ng'ombe mpaka ustaafu."

"Nimekusikia, afande."

Alipotoka alipitia mahabusu. Dastan alikuwa amekaa sakafuni, kijana wa mabega mapana, jicho moja limevimba. Karatasi ya maelezo ya kukiri ilikuwa imelala mbele yake, na kalamu juu yake, havijaguswa.

"Nani amekuvimbisha jicho hilo?" Nyanjige aliuliza.

"Waulize wenzako. Wananiambia nikisaini nitaonewa huruma. Sisaini. Mzee Maige tumekula naye muhogo juzi. Mkinivunja mkono wa kulia, na wa kushoto hautasaini."

Nyanjige aliinama, akaichukua ile karatasi, akaichana katikati mbele ya askari wa zamu, akaingia nayo ofisini kwake.

*

Daktari Athanasi Maduhu alikuja mwenyewe, akiendesha gari lake la kijivu, saa za alasiri. Alikuwa mtu mrefu wa makamo, suti safi, sauti ya kuzoea darasa. Alimwamkia kila askari aliyempita. Nyanjige alimpa kiti kizuri na chupa ya maji, Thomasi akakaa pembeni kuandika.

"Daktari, nisaidie," Nyanjige alianza. "Fizikia yangu iliishia kidato cha nne. Nitaandika nini kwenye jalada? Kompyuta kuukuu imeibwa. Ina thamani gani?"

"Kwa muuza vyuma, hakuna." Alitabasamu kwa huzuni. "Kwa binti yule, ni moyo wake. Nasikitika sana. Nilimfundisha mwaka wa kwanza. Ana bidii."

"Lakini?"

"Lakini ana haraka. Sayansi haitaki haraka."

"Nielekeze. Nimeambiwa shimo jeusi linavuta kila kitu. Sasa linapulizaje tena?"

Alifurahi kuulizwa. Alisogea mbele, akaeleza kwa ufasaha mkubwa: namna gesi inavyozunguka kabla ya kumezwa, namna inavyowaka, namna mwanga wake unavyosukuma kila kilicho karibu mpaka gesi yote ya galaksi inafagiwa nje. Alieleza galaksi yake, iliyo mbali kiasi kwamba mwanga wake ulianza safari kabla hakujawa na mtu duniani. Nyanjige alisikiliza kwa dhati. Mtu huyu alikuwa anaipenda kazi yake, hilo lilikuwa wazi.

"Kwa hiyo imekufa," alisema Nyanjige.

"Imekufa. Nimeithibitisha mimi. Watoto wa shule wanaisoma hivyo."

"Na Veronica anasema haijafa. Ana wazimu?"

"Hapana, hapana. Ameandika katika muhtasari wake kwamba upepo wa kaskazini ni dhaifu. Hilo linajadilika."

"Mbona basi ana uhakika hivyo? Ananiambia yuko tayari kusimama mbele ya watu bila kompyuta. Mtu hawezi kuwa mkaidi hivyo bila sababu."

Daktari alipumua kwa uvumilivu. "Ushahidi wake ni mwembamba, inspekta. Ni kamkia tu ka gesi baridi upande wa kusini, eti kanarudi ndani." Kidole chake kilitembea juu ya meza, kikashuka, kikapinda kushoto, kikarudi kilikoanzia. "Mitambo ya redio ina makelele yake. Mwanafunzi anaona makelele, anadhani ameona muujiza."

Nyanjige hakubadilisha uso. Alisubiri mpaka kalamu ya Thomasi ikasimama.

"Umeandika?"

"Nimeandika, afande."

"Msomee Daktari, athibitishe."

Thomasi alisoma. Daktari alitikisa kichwa kukubali, kisha kichwa kikasimama katikati.

"Daktari, umewahi kuziona data za Veronica?"

"Hapana. Zimefungwa. Ndiyo taratibu."

"Mmeongea naye kuhusu kazi hii?"

"Zaidi ya mwaka sijaongea naye, mpaka leo asubuhi nilipompa pole."

"Leo alikuambia kuhusu mkia?"

"Tuliongea... mambo ya kawaida."

"Aliupata Alhamisi mchana, na hakumwambia mtu duniani. Saa chache baadaye kompyuta ikaibwa. Wewe umeujuaje?"

Nje mtu alikuwa anafagia uani, na sauti ya ufagio ilisikika vizuri.

"Ni mantiki," Daktari alisema hatimaye. "Upepo wa namna hii kwa kawaida hutoka pande mbili. Ukiuona kaskazini, unautarajia na kusini. Nimekisia tu."

"Ungekisia gesi inayotoka. Umesema inayorudi."

"Ni... ndiyo hoja pekee inayoweza kumwokoa. Mtu yeyote mwenye elimu angeiona."

"Na kupinda kushoto je? Elimu nayo inakisia kupinda?" Nyanjige alitoa kadi ya hospitali, akaifungua mezani. "Huu ni mchoro wa Veronica, ameuchora leo asubuhi mbele yangu. Sasa chora kwa kidole chako ulivyochora sasa hivi."

Daktari aliivuta mikono yake chini ya meza.

"Thomasi," Nyanjige alisema bila kumtazama koplo, "nenda kwa mkuu wa kituo. Mwambie naomba hati ya upekuzi ya gari la kijivu lililo nje. Mpe hayo maelezo ayasome kwanza."

"Unajua unaongea na nani?" Sauti ya darasani ilikuwa imetoweka. "Nikipiga simu moja, kesho huna kazi."

"Simu hiyo hapo, piga. Ukimaliza utanipa alama za vidole. Mzee Maige alikununulia soda, Daktari. Akakutolea kiti cha sebuleni, akakitandika kitambaa. Chupa tunayo."

Hakupiga simu. Aliutazama ule mchoro, na alipozungumza alizungumza nao, si na Nyanjige.

"Nilitaka kuona tu. Nisome, nirudishe kabla umeme wa Nyakabindi haujarudi. Nilimwambia mzee nimetumwa na Veronica kuchukua vifaa vyake. Akanipa ufunguo kwa mikono miwili. Nikaichomeka kompyuta ukutani, nikafungua ramani pale pale kitandani kwake nikaona." Alimeza mate. "Ni kweli. Haijafa. Maisha yangu yote nimesimama mbele ya watoto nikiwaambia imekufa."

"Kwa nini ukampiga mzee?"

"Aliona nimebeba kompyuta, mkoba nimeuacha. Akaniuliza, mbona mkoba umeuacha? Akasema tumpigie binti kwanza. Akageuka kutafuta simu yake."

Nyanjige alisimama. "Daktari Athanasi Maduhu, uko chini ya ulinzi kwa kujeruhi na kwa wizi. Una haki ya kunyamaza. Unayoyasema yanaandikwa."

Chini ya gurudumu la akiba la gari la kijivu, vikiwa vimefungwa kwenye taulo la hoteli, Thomasi alikuta kompyuta na diski. Diski ilikuwa imefutwa yote. Kompyuta ilikuwa imepasuliwa kwa kitu kizito.

*

Veronica aliitwa kutambua mali yake. Aliigeuza ile diski mkononi, akamsikiliza Thomasi akimweleza kuwa haina kitu. Walipokuwa wanamtoa Daktari ofisini, pingu mikononi, walikutana kwenye korido nyembamba.

"Veronica," Daktari alisema haraka, "nisikilize. Kazi yako ni sahihi. Nitaiandikia barua, nitaitetea kila mahali. Futa malalamiko, tuandike pamoja. Jina langu litakufungulia milango ambayo peke yako hutaifikia."

Veronica alimtazama usoni.

"Jina lako halitakaa karibu na langu," alisema. "Na mlango wangu ulishaufungua, kwa ufunguo wa Mzee Maige."

Walimpitisha. Nyanjige alisubiri binti apumue. "Ramani imepotea?"

"Ramani imepotea. Gesi ipo." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Data ghafi ziko Chile, hakuna anayeweza kuzifuta. Nitaanza upya. Kesho nazungumza na chaki, kama nilivyosema. Watakaocheka wacheke." Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Nesi amenipigia. Mzee amefumbua macho. Ameuliza kama geti limefungwa."

Waliporudi ofisini, Afande Mhoja aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa ameshasikia, kituo kizima kilikuwa kimesikia.

"Nilikuambia usimguse."

"Nimemwandikia maelezo kwa heshima, afande, na maji nilimpa. Amesema mwenyewe, mbele ya shahidi. Mali imekutwa kwenye gari lake kwa hati ya mkuu wa kituo. Jalada hili hapa mezani." Nyanjige alitoa kalamu yake, akaiweka juu ya jalada. "Kama unataka aachiwe, andika hapo sababu na usaini jina lako. Mimi sisaini."

Mhoja aliitazama kalamu. Alimtazama Veronica, aliyekuwa bado ameshika diski tupu, naye hakukwepesha macho. Mwishowe akavua kofia, akajipangusa paji la uso, akatoka. Kalamu aliiacha pale pale.

Ilibaki kazi moja. Nyanjige alishuka mahabusu, akaamuru mlango ufunguliwe.

"Uko huru, Dastan. Aliyefanya amekamatwa."

Dastan aliinuka polepole, akashika ukuta. Askari wa zamu, kwa haya, alielekeza mlango mdogo wa nyuma unaotokea kwenye mabanda ya magari mabovu. "Pita huku, ndugu yangu. Mbele kuna watu wengi."

"Najua kuna watu," alisema Dastan. "Mliponileta mlinishusha mbele ya watu hao hao, mkanipitisha sokoni na pingu, mama yangu anaona. Sipiti nyuma. Nitatokea mlango mlioniingizia."

Askari alimtazama Nyanjige. Nyanjige alivaa kofia yake, akainyoosha.

"Twende," alisema.

Walitoka pamoja mlango wa mbele. Uani palikuwa na waendesha bodaboda, akina mama wa sokoni, wanafunzi waliotoka Nyakabindi na sare zao, na mwanamke mmoja mtu mzima aliyesimama peke yake kando ya mlingoti wa bendera. Minong'ono ilikatika. Dastan alisimama ngazi ya juu, jicho lake lililovimba likielekea kwa watu wote, hakuinamisha kichwa.

"Nisikilizeni," alisema Nyanjige, na sauti yake ilifika barabarani. "Huyu ni Dastan Mahona, fundi simu. Hakuiba, hakumpiga mtu. Sisi polisi tulimkamata kwa makosa na tulimpiga, na aliyempiga atajibu."

Mama yake, aliyekuwa kando ya mlingoti, alianza kutembea kuelekea ngazi. Hakukimbia. Watu walimpisha.